Nilavva na Kitabu cha Shemeji Yake

Nilavva alianza kutunga kabla hajajua kwamba kutunga ni kazi ya watu wenye majina. Alipokuwa akipiga mikate ya mtama viganjani, maneno ya Kikannada, lugha ya kwao kusini mwa India, yalimjia kwa mapigo yale yale: habari za mtoto wake wa kwanza aliyekufa kwa surua, za udongo mweusi wa Gadag, wilaya yao, unaopasuka mvua ikigoma, za mume asiyesema naye ila kuomba chakula. Kusoma hakujua. Kwao msichana hakupelekwa shule.

Aliyemsikiliza ni shemeji yake, Mwalimu Kotrappa, kaka wa mumewe. Kila Jumapili alikaa mlangoni pa jiko na daftari.

"Hebu rudia hapo pa surua, shemeji. Polepole."

"Unayaandikia nini haya maneno ya jikoni?"

"Yasipotee. Wewe sema tu."

Akasema, miaka kumi na minane. Hakuna mwingine aliyewahi kumsikiliza hivyo. Kisha Kotrappa akahamia mjini, Jumapili zikawa siku kama siku nyingine.

Nilavva alipofika miaka hamsini na mbili, mjane tayari, darasa la watu wazima likafunguliwa kijijini. Wanawake walienda alasiri wakitoka kuchuma pamba. Alizishika herufi upesi, hata jirani yake Gangavva akamtania, "We bibi, unataka ukarani uzeeni?" Baada ya mwaka, mwalimu wao akamletea kitabu. "Soma hiki, mama. Kaandika mtu wa kwenu."

Alisoma kwa kidole. Mstari wa kwanza aliumaliza kabla kidole hakijafika mwisho. Akafunua ukurasa mwingine, na mwingine. Mwanawe alikuwemo, na surua yake. Kwenye jalada, jina la Kotrappa.

Kesho yake akapanda basi kumfuata mjini.

"Shemeji, jina langu liko wapi?"

Kotrappa hakushtuka. "Mashairi ya mwanamke asiyejua kusoma, nani angeyachapa? Nimeyaokoa."

"Mtoto aliyekufa ni wangu."

"Alikuwa damu yangu pia," akasema, akavaa miwani.

Mwezi uliofuata Kotrappa akatunukiwa tuzo kijijini kwao. Ukumbi wa shule ulijaa. Alipokwisha kuvishwa shali na shada la maua, Nilavva aliinuka safu ya nyuma.

"Hayo ni yangu!"

Akalitoa shairi la surua lote, bila kukosea neno, na beti mbili alizoziongeza peke yake, ambazo kitabuni hazimo.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mwenyekiti alishika kipaza sauti, macho yamemlowa, akamwelekezea Kotrappa mkono. "Mmeona, ndugu zangu? Mshairi ndiye huyu! Hata mama wa jikoni kwao kayashika mashairi yake, mpaka anayaona ya kwake!"

Kotrappa aliinamisha kichwa. Alikuwa akiandika zile beti mbili.

Wakitoka, Gangavva alimshika mkono. "Mimi najua ni yako. Nilikuwa nayasikia ng'ambo ya ukuta."

"Basi rudi ukawaambie."

"Mimi? Nani atanisikiliza mimi?"

Nilavva hakutunga tena, wala darasani hakurudi. Aliishi miaka tisa zaidi. Wageni wa Kotrappa walipofika kijijini, waliletwa kwake wamwone yule mama wa jikoni, wakimbembeleza awaghanie japo ubeti mmoja. Aliwajibu kwamba amesahau. Miaka ya mwanzo alikuwa akiwadanganya. Miwili ya mwisho alikuwa akisema kweli.