Shemeji Akikausha

Shemeji yangu, mume wa dada, anaishi kwa kucheza karata za poka, na anaishi vizuri: vikombe vitatu vya ubingwa vimepangwa juu ya friji. Watu hudhani mcheza karata ni mtu wa mbwembwe. Huyu hata kukohoa hukohoa kwa adabu. Nimemtazama mezani: viganja vimetulia kama nguo iliyopigwa pasi, uso ameukausha, hujui ameshika karata nzuri au anawafunga wenzake kamba. Na mara nyingi hachezi kabisa. Anazitazama karata zake mara moja, anazisukuma kwa vidole viwili, anasema kwa upole, "Natupa." Huniambia, "Kazi yangu ni kutupa, shemeji. Wenye pupa ndio wanaonilisha."

Jumapili dada alipika mchuzi, akasahau kwamba ameshatia chumvi, akatia tena. Mimi nilionja nikakimbilia maji. Shemeji akanywa kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu, uso mkavu vilevile.

"Mchuzi vipi, baba watoto?" dada akauliza.

"Mtamu sana."

Dada, ambaye hajui kopa wala shupaza, akaweka upawa chini. "Miaka kumi na miwili nikipika vizuri unasema 'mtamu', basi. Hiyo 'sana' ya leo imetoka wapi?"

Bingwa akatutazama mmoja mmoja. Kisha akalisukuma bakuli kwa vidole viwili.

"Natupa," akasema.