Mama Chapa na Kompyuta Iliyojikokota

Nani mtaani hakumjua Mama Chapa? Barua, wasifu, maombi ya chuo, vyote vilipitia vidoleni mwake. Na usithubutu kumwambia kuna kibanda kingine cha kazi hizo ng'ambo ya barabara; atakununia mwezi mzima.

Siku hiyo mteja alikuwa binti yake, kifunguamimba. Maombi ya chuo cha uuguzi yalikuwa yanafungwa saa kumi jioni. Kompyuta ilikuwa imejikokota wiki nzima, lakini mama aliapa kwamba mwanawe hatatumiwa maombi na mtu baki yeye angali hai. Akamrudisha binti nyumbani, asije akamkodolea macho.

Loo, siku hiyo mashine ndiyo ikazidi! Ukibonyeza, kiduara kinazunguka weee, mpaka kizunguzungu kikushike wewe. Akaizima, akaiwasha. Akafuta picha za harusi za watu. Akasaka virusi, msako nao ukakwama njiani. Akaipiga kofi, kisha akaibembeleza, maskini, huku machozi yanamlengalenga.

Muda ukiwa unayoyoma, akampigia fundi. Fundi akauliza kama boksi la mashine lina joto. Akaligusa: pasi ya mkaa ina nafuu! Ikabidi aseme ukweli, kwamba aliziba matundu yote kwa selotepu vumbi lisiingie, kisha akalifunika kwa kitambaa alichodarizi mwenyewe. Fundi akamweleza kwa upole kuwa mashine hupumulia hayo matundu, na ikizidiwa na joto hupunguza mwendo isiungue. Kumbe ulinzi wote ule ulikuwa kabali.

Akabandua selotepu kwa kucha mpaka zikavunjika. Akaielekezea feni. Mashine ikapoa, ukurasa ukafunguka: muda wa maombi umekwisha. Mama Chapa akalia kwa sauti, wapita njia wakachungulia, hakujali. Watoto wa wenzake amewapeleka chuoni miaka yote hiyo, wa kwake amemfungia mlango.

Binti aliporudi akamkuta hivyo, akapiga magoti mbele yake.

"Basi, mama. Nilituma asubuhi, kule ng'ambo. Yamepokelewa."

Mama Chapa akamshukuru Mungu, akamkumbatia. Halafu akamtazama usoni, akamuuliza kwa nini alimwacha ahangaike kutwa nzima.

"Uliogopa nini, mwanangu?"

"Wewe, mama," binti akasema.