Baba Hujibu Kila Honi

Mimi ni dereva, baba yangu ni mwendesha baiskeli, na tunakaa nyumba moja nyuma ya Ukunda. Kwa hiyo ugomvi wa barabara ya Diani mimi siusomi gazetini, naukuta kwenye chai ya asubuhi. Kabla sijamaliza andazi la kwanza, baba ameshaniuliza kwa nini sisi madereva tunakwenda kama tuliochomwa sindano, nami nimeshamuuliza kwa nini wao wa baiskeli wanaiona lami yote ni urithi wa babu zao. Mama hukaa katikati na birika, akitumiminia sawasawa ili asionekane ana upande.

Kazi ya baba ni makuti. Huyachukua kwa akina mama wanaoyasuka Kinondo, akayapeleka kwenye nyumba za wageni za Galu na Diani, na akifika hupanda mwenyewe juu ya paa kuziba panapovuja. Umri wake umepita sabini, na ukimwambia ashuke atakuuliza kama utapanda wewe. Baiskeli yake ni ile nyeusi ya chuma, nzito kuipandisha kilima ukiwa umeikokota, seuze kuiendesha. Makuti huyafunga juu ya keria kwa upana, kwa sababu akiyafunga kwa urefu ncha zinaburuzika na kuchanika, na kuti lililochanika ni aibu kwa fundi. Basi akiwa na mzigo, baba ana upana wa gari. Ukiwa nyuma yake huoni mtu wala baiskeli. Unaona kipande cha paa kinakwenda zake peke yake.

Na barabara yenyewe ni nyembamba. Ina matuta, ina kima wanaokatiza, ina wageni waliokodi baiskeli na kusahau huku tunashika upande upi, ina pikipiki, na ina tuktuki zinazosimama popote pale mtu alipokohoa. Nusu ya tuktuki hizo zimeandikwa mgongoni kwamba haraka haina baraka, na sijakutana na mwenye tuktuki hata mmoja aliyewahi kuyasoma maandishi yake.

Lakini upana wa makuti si kitu, mtu huuzoea. Taabu ni mkono wa kulia wa baba. Akipigiwa honi kutoka nyuma, huuachilia usukani, huuinua mkono juu, na hutamka kwa sauti bila kupunguza neno: "Waalaikumu salamu warahmatullahi wabarakatuh." Baiskeli ikibaki na mkono mmoja huyumba, lile paa huyumba nayo, na dereva aliyetaka kupita hukuta njia imezibwa kuliko mwanzo. Hupiga honi tena, sasa kwa hasira. Baba, kwa kuwa amesalimiwa mara ya pili, hujibu mara ya pili.

Si kwamba hana akili. Ujanani mwake magari ya huku yalikuwa ya kuhesabika: lori la nazi, gari la mikate, basi la asubuhi na basi la jioni. Aliyekupigia honi alikuwa akikujua, na mara nyingi alimjua na mama yako. Na sisi tumelelewa kwamba kutoa salamu ni sunna, kuijibu ni wajibu, na anayeipuuza amebeba dhambi ya bure.

"Baba, hawakusalimu wale," nilimwambia siku moja. "Wanataka uwapishe."

"Umewauliza?"

"Wengine wanakutukana kabisa."

"Hayo matusi umeyasikia wewe?"

"Sikuyasikia. Vioo vimefungwa."

"Basi mdhanie mwenzako mema, mwanangu. Dhana haina ushuru."

Mama akamwongezea chai yeye kwanza, nikajua kesi imeshaamuliwa.

Nasema wazi kwamba niliogopa. Dereva haogopi ajali ya kufikiria, huogopa ile aliyoiona, na mimi nimewahi kuiona baiskeli iliyopitiwa na gari. Ilikuwa imekunjika kama shuka. Tangu siku hiyo, kila simu ya nambari nisiyoijua iliyolia asubuhi nilikuwa naipokea roho mkononi. Nilichokitaka ni kimoja tu, baba aiache ile baiskeli kabla haijamuua.

Sasa, madereva wa hoteli tuna mahali petu pa kungojea ndege kwenye kiwanja cha Ukunda, na pale ndipo watu wa baiskeli huhukumiwa bila wakili. Siku moja mwenzetu mmoja kutoka bara, mtu wa mzaha na moyo mweupe, alianza.

"Wasee, yule mzee wa makuti ni noma," alisema. "Unampigia honi atoke, yeye anakupungia mkono kama gavana. Kuna siku mtu atamgonga, na makosa yatakuwa yake."

Wakacheka wote. Mimi nilijifanya hamnazo, nikaanza kukifuta kioo nilichokwisha kukifuta. "Ni baba yangu" ni maneno matatu tu, na yalinishinda. Niliona haya kwa ajili ya mzee ambaye maisha yake yote hajamtia mtu yeyote haya, na hadi leo nikikumbuka nakasirika na nafsi yangu.

Mbaya zaidi ilikuja baadaye. Nilikuwa natoka Galu na wageni wanne wanaowahi ndege. Walichelewa wenyewe kwa kupiga picha za mwisho na bahari, lakini mgeni akichelewa anayeulizwa ni dereva. Tukapita kona, na mbele yetu nikaliona paa linakwenda. Nikajua ni nani. Upande wa pili magari yalikuwa yanafuatana, siwezi kupita. Mgeni wa mbele alitazama saa, akanitazama, akatazama saa tena. Nyuma yangu kulikuwa na magari matatu na yote yanalia.

Nikaipiga honi. Sikuibonyeza kidogo kama mtu anayeomba njia. Niliikandamiza na nikauacha mkono juu yake, na yale ambayo mdomo wangu usingethubutu kumwambia mzazi niliyasema yote kwa kiganja. Baba akainua mkono. Baiskeli ikayumba, gurudumu la mbele likateleza kwenye ukingo wa lami, akashuka nalo mchangani, akajishika kwa mguu mmoja na kiwiko kimoja kwenye michongoma ya ua wa watu. Njia ikafunguka. Kwenye kioo nilimwona amesimama, baiskeli katikati ya miguu, mkono bado uko juu.

Mgeni wangu aliuliza kama yule mzee ananijua.

"Huku kila mtu hupunga mkono," nilimjibu. Na ndege tuliiwahi.

Jioni, baada ya swala ya alasiri, nilimkuta barazani mama akimwosha kiwiko kwa maji ya chumvi. Baba alikuwa na furaha yake.

"Leo kuna mtu amenisalimu kwa kirefu," alisema. "Kirefu hasa, mpaka nikashuka chini ya lami nimjibu kwa heshima. Huyo lazima ananijua."

Nilitamani ardhi ipasuke. "Ni mimi, baba," nikasema.

Nilidhani atanifokea, na nilikuwa tayari kufokewa. Akamgeukia mama.

"Sikukwambia? Nilikwambia huyo ananijua."

Sikuwa na nguvu za kumweleza kwamba haikuwa salamu. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikasimama pale kwenye pipa la maji kama mtu aliyesahau alichokifuata.

Kesho yake kiwanjani nilisema, hata kabla ya mtu kuanza mzaha. Niliwaambia yule mzee wa makuti ni baba yangu mzazi, na kwamba anainua mkono kwa sababu anadhani wanamsalimu. Yule mwenzetu kutoka bara alivua kofia yake, akaitazama ndani kana kwamba kuna kitu kimeandikwa.

"Si ungesema, bro," akasema. "Kuanzia leo mzee wako ni mzee wetu."

Nikashukuru. Laiti ningejua. Madereva wakikuonea huruma ni hatari kuliko wakikukasirikia. Habari iliingia kwenye kundi letu la simu, na kufikia wiki iliyofuata hakuna gari la hoteli, teksi wala tuktuki iliyompita baba bila kumpigia honi mbili fupi za adabu. Sasa zilikuwa salamu za kweli. Na baba, mtu wa wajibu, akazijibu zote. Kutoka Kinondo hadi Diani ule mkono haukupata nafasi ya kushuka. Mzee alikuwa anaendesha baiskeli kwa mkono mmoja mwendo mzima, makuti yakicheza kushoto na kulia, na uso wake unang'aa kama wa bwana harusi. Siku ya nne aliparamia mkokoteni wa muuza maji, na yeye na mwenye maji wakalala mtaroni huku baba akiwa bado anamalizia "wabarakatuh."

Ndipo nikarekodi ujumbe kwenye kundi: "Jamani, kwa heshima zenu zote, nawaomba msimsalimu baba yangu." Niliusikiliza mara mbili kabla ya kuutuma. Sikufikiri kwamba nitaishi hadi siku ya kuomba kitu kama hicho hapa Pwani. Wenzangu walikuwa waungwana, wakanielewa, wakaacha. Wakawa wanangoja nafasi, wanampita mbali, polepole, na kimya.

Baba akawa salama. Kwenye chai ya asubuhi nilimngoja aanze ugomvi wake juu ya madereva, hakuanza. Nikamchokoza kwa habari ya urithi wa lami, akatikisa kichwa tu. Zikapita siku kama kumi hivi, andazi lake likirudi sahanini nusu.

"Hebu niambie wewe unayekaa na watu wa magari," aliniuliza asubuhi moja. "Nimewakosea nini?"

"Nani, baba?"

"Watu wa barabarani. Wananipita kama wanaopita mnazi. Juzi nimeanza mimi kuwainulia mkono, nikasema labda walingoja mimi nitangulie. Hakuna aliyenijibu." Akakiweka kikombe chini. "Nafikiri nitaiuza baiskeli. Mtu ukishachokwa, hujitoa mwenyewe."

Hilo ndilo nililokuwa nikiliomba kwa miaka, na sasa amelitamka kwa mdomo wake, bila mimi kumlazimisha. Nilitakiwa kusema alhamdulillahi na kumtafutia mnunuzi. Mama alinitazama, birika mkononi, na safari hii hakummiminia mtu.

"Usiiuze leo," nikamwambia. "Umalize kwanza makuti ya wiki hii."

Siku hiyo hiyo nilikuwa natoka Galu na gari tupu, nikienda kuchukua wageni kiwanjani. Nikaliona paa mbele yangu. Sikugusa honi. Nilingoja upande wa pili uwe wazi, nikatoka polepole hadi nikawa sambamba naye, nimeacha nafasi ya kutosha kwa makuti, nikateremsha kioo cha upande wa abiria.

"Shikamoo, baba."

Aligeuka. Mkono wa kulia uliinuka kidogo, ukaona hauna kazi kwa kuwa mtu mwenyewe yuko hapa na mdomo unatosha, ukarudi kwenye usukani.

"Marahaba, mwanangu. Habari za kazi?"

"Njema. Na za Kinondo?"

Sasa, salamu za kwetu haziishi kwa swali moja. Akaniambia za Kinondo, za akina mama wa makuti, za mvua iliyonyesha upande mmoja wa kijiji, na nani amejifungua. Mimi nikamwambia za gari na za wageni. Tulikwenda hivyo, yeye anapiga pedali na mimi nimegusa mafuta kidogo tu, tumeshika barabara nzima mtu na babake. Haikuwa sheria ya barabara, nakubali. Ningemwona mwingine akifanya vile ningemtukana.

Nyuma yetu honi zikaanza. Moja, kisha tatu, kisha zote kwa pamoja, za hasira kabisa, na moja niliitambua kuwa ni ya yule mwenzetu wa moyo mweupe, ambaye hakuweza kuona kwamba mbele ni sisi. Uso wa baba ukafunguka. Alianza kuinua mkono, akayatazama makuti, akanitazama mimi.

"Wajibu wewe," akasema. "Akijibu mmoja, imetosha kwa sote."

Nikautoa mkono wa kulia nje ya dirisha, nikauinua juu kabisa ili hata gari la mwisho waone, na nikaitikia kwa sauti, neno kwa neno, bila kupunguza.