Mtoto wa Nne Alikuwa Matabishi

Miaka ile ya vita nilikuwa nakodisha filamu pale Nyabiondo. Nilikuwa na diski arobaini na moja. Nilizihesabu kila jioni, na asubuhi nilizihesabu tena, maana usiku nao si wa kuaminiwa.

Mteja akija, sikumuuliza anapenda nini. Nilimuuliza, "Betri yako inakaa muda gani?" Nyumba nyingi zilikuwa na kipande cha paneli juu ya bati na betri ya kudumu saa moja na kitu. Drama ilidai saa mbili. Kwa hiyo nusu ya Nyabiondo walijua mianzo ya filamu zote na mwisho wa hata moja hawakuujua. Papa mwenye hasira, baba wa nyumba, nilimshauri achukue dokimantere, filamu ya mambo ya kweli: ng'ombe, mito, ndege wa nchi za baridi. Dokimantere ikizimika katikati hakuna anayenuna. Simba anakula leo, kesho atakula tena, umekosa nini? Drama niliipa nyumba zenye amani, na baada ya drama walikuja kwangu kuulizia mwisho. Mwisho niliwapa bure. Mfanyabiashara hasemi "sijui". Akisema, kesho wateja wako kwa jirani.

Jirani yangu alikuwa muuza maharage. Kila mwezi alipeleka magunia Omate, kule Walikale, kwa wachimbaji, akakaa wiki mbili ndipo akarudi. Mkewe nilimkodishia drama ya dereva wa lori anayemuaga mke wake kila mara kwamba anafuata mzigo. Betri yao ikafa dereva akiwa mbele ya mlango asioujua mtu, ameinua mkono kubisha, kwapani ana viatu vya mtoto.

Asubuhi yule mke akawa kwangu kabla sijafagia.

"Dada, ule mulango ni wa nani?"

Mwisho wa diski ile sikuwahi kuuona mimi. Ilikuwa na mkwaruzo toka ilipotoka Butembo. Lakini mdomo ulikuwa umeshafunguka.

"Wa bibi ya pili," nikasema.

"Iko na batoto?"

"Batatu."

"Batatu!"

"Na wa ine anakuja."

Akageuka akaenda. Nilipaswa kumfuata. Saa nne alikuwa njiani kwenda kwao Nyamitaba, na mume, aliyekuwa soko la pale pale Nyabiondo akitafuta maharage, alirudi na magunia matupu akakuta nyumba nayo tupu.

Alinijia mikono kiunoni. "Mama ya mafilme, ile bibi ya pili ulimuona wapi?"

"Mu filme."

"Ulimuona na macho?"

"Nilimusikia."

"Basi njo wewe utaenda kumurudisha. Miye siwezi. Amebeba sashe."

Hapo nikaelewa kwamba kosa langu lilikuwa kubwa kuliko nilivyolihesabu. Sashe ni mfuko wa plastiki wenye vitambulisho vya nyumba nzima. Miaka ile hakuna mama aliyevuka kizingiti na mzigo bila kuikwapua kwanza. Mkono uliichukua wenyewe, hata kama unayemkimbia ni mume wako tu. Na ndani ya sashe ilikuwemo karte ya uchaguzi ya yule mume, kadi inayomtambulisha. Bila karte hupiti bariere, kizuizi cha barabarani. Mwanaume asiye na karte aliweza kushinda kutwa akiwachotea maji wenye bunduki, na hiyo ni siku wakiamka vizuri. Kwa hiyo hakuna Omate, hakuna maharage, na kumfuata mke Nyamitaba hakuna.

Nikaweka kwenye mkoba kisanduku changu cha kuchezea diski, chenye kioo chake, na betri iliyojaa: taa nne za kijani. Nilizihesabu mara mbili. Nikachukua drama ile, na dokimantere ya ng'ombe kwa ajili ya baba mkwe wa jirani, maana yule mzee ni mfugaji na mfugaji hanunuliwi kwa machozi.

Bariere ya kwanza nilipita. Ya pili, kijana mwenye bunduki akagonga mkoba.

"Nini hii?"

"Dokimantere, kaka."

"Dokima ya nani?" Kwetu dokima ni vitambulisho.

"Si dokima. Dokimantere. Ya ngombe."

Akawaita wenzake. "Kuyeni muone! Huyu mama anatembeza dokima za ngombe! Ngombe iko na karte, miye sina!"

Kueleza kulishindikana, ikabidi niwaonyeshe. Walichuchumaa sita, nikahesabu tena, saba. Waliangalia ng'ombe wa madoa mwenye mimba akizunguka zizi, wakabishana kama atazaa dume. Nilipofanikiwa kuzima, taa zilikuwa mbili. Nikahesabu tena. Mbili.

Nyamitaba nilifika mchana. Mzee alikuwa uani na mkewe, na binti yao akichambua maharage, ameketi juu ya sashe kama kuku juu ya mayai.

"Karibu. Umekuja juu ya nini?" mzee akauliza.

Nilipanga kuanza kwa mbali, kwa ng'ombe. "Papa, nimekuja juu ya dokimantere."

Binti akasimama, maharage yakamwagika.

"Nilijua! Bwana yangu amekutuma juu ya dokima! Hanitaki miye, anataka karte!"

"Dada, nimesema doki-man-tere."

"Nimesikia! Dokima!"

"Hata miye nimesikia dokima," mzee akasema, na uso wake ukafungwa.

Sikuwa na njia nyingine. Nikaweka drama, nikairusha hadi mwishoni, nikimwomba Mungu yule dereva awe anaenda kwa dada yake. Picha ikaja: mlango, viatu, mkono umeinuliwa. Ikaganda. Nikapiga kisanduku. Mkono juu. Nikapuliza diski. Mkono juu.

"Huyu muntu atapiga hodi mpaka lini?" mzee akauliza.

Taa ikawa moja. Kisha hakuna.

Nimeuza mayai yenye vifaranga ndani, nimeuza mwavuli wenye tundu kwa mtu aliyeliona tundu, lakini pale nilikosa cha kuuza.

"Dada," nikasema, "ule mwisho sikuuona. Hakuna muntu aliuona. Ile mulango, sijui ni ya nani."

"Na bibi ya pili?"

"Nilimuweka miye."

"Na batoto batatu?"

"Nilibahesabu mu kichwa yangu."

"Na wa ine?"

"Ule," nikasema, "alikuwa matabishi."

Matabishi ni ile nyongeza ya muuzaji, konzi ya mwisho anayokutupia juu ya kipimo ili urudi. Mke wa mzee ndiye aliyeanza kucheka. Akacheka hadi akashika ukuta. "Mutoto wa matabishi!" Mzee akafuata. Binti alijibana, akajibana, kisha akaachia, huku akinirushia maharage.

Alipomaliza alifungua sashe anikabidhi karte ya mumewe. Nilitazama: ilikuwa imefungwa pamoja na yake, uso kwa uso, kwa mpira alioupitisha raundi mbili. Akauvuta kidogo. Akauacha.

"Inakazana," akasema. "Nitaipeleka miye mwenyewe."

Mpira ulikuwa umelegea, niliuona. Nikafunga mkoba.

Nilipomsimulia mzee ng'ombe wa madoa, alitaka diski yake ibaki pale mpaka apate betri. Nilijaribu kumshusha hadi mwezi mmoja, akakataa. Nikabaki na diski arobaini.

Nililala pale, na kesho yake tukarudi pamoja; kwenye bariere alikuwepo kijana yule yule. Akageuza karte zilizofungwa. "Karte mbili za nani?"

"Bwana na bibi," mke wa jirani akasema. "Bwana iko Nyabiondo, ananingojea."

Kijana akarudisha bila kufungua, akanigeukia mimi. "Mama ya ngombe! Ile ya madoa, mwisho ilizaa?"

Nikafungua mdomo. Nikauhesabu mwisho ule mara mbili, sikuwa nao. "Sijui," nikasema, na neno lenyewe lilitoka kama jino.

Bariere nzima ikanuna. Ndipo mke wa jirani akaweka sashe kwapani, akajibu bila kupepesa:

"Ilizaa. Mapacha."

"Madume?"

"Moja dume," akasema, tukiwa tumeshaanza kutembea. "Ingine matabishi."