Mji wa Salum

Juu ya jabali moja la bandari ya Maskati, kati ya majina ya meli yaliyopakwa rangi na mabaharia wa kila taifa, liliandikwa jina la mji mdogo wa pwani ya Norwei. Aliyeliandika ni mjomba wangu Salum, ndugu wa mama tumbo moja. Jabali aliligusa kwa mkono wake, lakini mjini Maskati hakuingia.

Wenzangu mliokulia Maskati ile ya kuta mtaikumbuka. Sisi tulifika kutoka Unguja mwaka 1964, nikiwa na miaka minane. Mji ulikuwa mdogo, ungeuzunguka wote kabla chai haijapoa. Usiku ngoma ya ngomeni ikilia malango yanafungwa, na anayetembea lazima ashike kandili. Maji yalikuja kwa punda. Skuli ilikuwa ya wavulana. Sisi wasichana tulikwenda chuoni kusoma Kurani, tukirudi tunacheza mdako kwenye vichochoro vilivyonuka halwa na papa mkavu. Joto likizidi tunalala juu ya dari, shuka tumezirowesha maji. Wajukuu zangu kiyoyozi kikizima kidogo tu, wanampigia baba yao simu kazini.

Bandari haikuwa na gati. Meli kubwa zilitia nanga nje, na baba, aliyekuwa karani wa forodha, alizifuata kwa mashua. Siku moja alirudi mapema, akakaa na kofia yake kichwani. Mama alikuwa akikuna nazi.

"Mama Zuwena, Salum yumo melini."

"Salum yupi?"

"Kwani unao wangapi?"

Mama akaiweka nazi chini.

Tulipoondoka Unguja, mjomba alibaki, na tangu hapo hatukupata habari zake. Kumbe aliingia ubaharia katika meli ya Norwei, na kati ya safari na safari akakaa katika mji wa meli ile. Sasa alitaka kushuka kumwona dada yake, lakini hati hakuwa nazo, na kibali cha mgeni kilitoka Salala, alikokaa Sultani. Baba aliomba siku hiyo hiyo. Mama akaanika godoro, akalifukiza udi.

Meli ilikuwa na shehena ya kushusha, basi tukangoja. Asubuhi baba alichukua chakula cha mjomba, jioni akaturudishia masimulizi yake. Nyumba za mji ule ni za mbao, nyekundu na nyeupe, zimebanwa kati ya mlima na maji kama zetu. Uliwahi kuungua wote, wakaujenga upya pale pale. Kanisa lake la mbao lina meli ndogo iliyoning'inizwa darini. Watu hutoka mbali kuja kulitazama, na kutazama samaki wanaoanikwa kwenye vichanja virefu kuliko nyumba. Na kiangazi jua halitui.

"Basi Ramadhani wakifunga wanafuturu lini," mama akauliza, "mwakani?"

Mjomba alituletea samaki mmoja wa huko, mkavu kama ubao. Mama alimrowesha, akamtia nazi kama ng'onda, samaki wetu wa kukausha. Akaonja. "Hawa watu chumvi hawana," akasema, kisha akamla wote.

Kibali hakikuja. Siku ya mwisho mabaharia walishusha mashua kwenda kupaka rangi jabalini, nasi tukapanda juu ya dari. Mama alipunga kanga. Kule mbali mtu mmoja mwenye brashi aliinua mkono.

"Yule pale."

"Huenda ni mwenzake," baba akasema.

"Nimemlea mimi, Baba Zuwena. Ntamkosa vipi?"

Mimi, niliyeanza skuli Unguja, nikasoma zile herufi moja moja. Baba akasema hilo si jina la meli, ni la mji wao. "Kaandika anakokaa," mama akasema, "nijue pa kumtafuta." Kesho yake meli iliondoka.

Mwaka 1970 milango ya nchi ilifunguliwa. Watu wa Unguja wakaja kwa ndege na kwa meli, na kila aliyebisha hodi mama alimwendea mwenyewe. Mjomba hakuja. Kibali kile, baba aliambiwa kila alipouliza kuwa kinashughulikiwa. Mama na baba wote wawili sasa ni marehemu.

Siku hizi mjukuu wangu anao mji ule wote katika simu: kanisa, vichanja, hata duka la mkate. Anautazama kwa dakika moja, kisha anahamia jambo jingine. Sisi tuliusikiliza siku nyingi, huku tunakula, na naona tuliujua zaidi.

Mwezi uliopita nilimwomba atafute huko mtu yeyote anayeitwa Salum. Alimpata mmoja, mwanamke wa makamo, na Salum ni jina lake la ukoo. Tumemwandikia. Mpaka leo hajajibu.