Kilo Mbili na Robo

Kila lori linaloingia kwenye jaa la taka la mji hupimwa mara mbili: likiingia limeshiba, likitoka na njaa. Tofauti ya hapo katikati ndiyo taka. Mwanamke anayeiandika tofauti hiyo ana miaka hamsini na saba, na miaka ishirini na miwili ameimaliza ndani ya kibanda kimoja chenye dirisha la kuteleza, feni isiyozunguka mpaka isukumwe kwa rula, na kioo cha mizani chenye namba nyekundu. Madereva humwita Mama Mizani. Jina lake halisi limo kwenye kitambulisho kinachoning'inia shingoni, lakini hakuna anayelisoma.

Ukurasa wa gazeti ulimfikia kwa upepo, kutoka juu ya lori. Ulikuwa na habari za mji mdogo wa mkoa wa pwani, ambao treni huupitia mara mbili kwa wiki. Hauna hoteli. Mjane mmoja hupangisha vyumba viwili, maji ni ya mvua kutoka kwenye tangi, na kutoka stesheni hadi ufukweni ni mwendo wa saa moja kwa miguu. Mama Mizani aliufuta ukurasa kwa kitambaa, akaubandika nyuma ya mlango wa kibanda. Ukakaa hapo wiki tatu kabla hajapiga namba ya mjane iliyoandikwa chini yake.

"Mgeni mnampa ndoo ngapi?" aliuliza.

"Mbili kwa siku, dada," mjane akajibu. "Ya tatu tunaanza kununiana."

Mama Mizani alicheka. Wiki hiyo alikuwa hajacheka.

Safari aliipanga nyuma ya risiti za mizani, kwa sababu ndizo karatasi alizokuwa nazo. Ijumaa kwenda, Jumapili kurudi. Kwa treni, si kwa gari. Chupa za chuma za maji, kipande cha sabuni ya mche, mkate na mayai ya kuchemsha ndani ya kitambaa. Vikombe vitatu vya bati: chake, cha binti yake, na kidogo chenye masikio mawili cha mjukuu. Mbele ya kila kitu aliandika uzito wa kwenda na uzito wa kurudi. Alitaka wakae siku tatu mahali pa watu na wasiwaachie hata kifuniko cha chupa. Mtu akitupa kitu husahau. Yeye ndiye anayekipokea.

Jumatatu, foleni ilipopungua, alipanda na mfuko wake wa safari juu ya mizani ya malori. Dereva mmoja waliyemwita Breki, kwa jinsi anavyozikanyaga mpaka kibanda kinatikisika, alichungulia kioo.

"Sitini," akatangaza. "Hebu uweke mfuko chini."

Akauweka nje ya mizani.

"Sitini! Mama Mizani, mfuko wako haumo duniani."

"Mizani hii inahesabu kwa kilo ishirini ishirini, we. Hata wewe ukishuka kwenye lori haikujui."

"Mke wangu pia hanijui. Unasafiri na nani?"

"Na binti yangu na mjukuu."

"Kakubali?"

Mama Mizani alirudi kibandani akaandika namba ya lori la Breki, namba ambayo angeweza kuitaja usingizini.

Binti alikuwa hajakubali wala hajakataa. Anakaa upande wa pili wa mji huohuo, mwendo wa saa moja, na miezi kumi na minne ilikuwa imepita bila kukanyaga kwa mama yake. Hawakugombana. Jumapili moja alikuja na mtoto, wakashinda vizuri, wakala, wakacheka. Wakati wa kuaga, Mama Mizani alifunga mfuko wa taka za siku hiyo, nepi za kutupa, maboksi ya chakula, chupa za maji. Akautundika kwenye mizani yake ndogo ya ndoana, ile inayokaa nyuma ya mlango wa jikoni.

"Kilo mbili na robo," alisema. "Siku moja."

Kwake huo ulikuwa utani. Kibandani hutania hivyo kutwa. Binti aliutazama ule mfuko, kisha akamtazama mama yake, akamvalisha mtoto viatu. Tangu siku hiyo alikuwa na kazi kila Jumapili.

Kwa hiyo safari ya kwenda kwa mjane wa vyumba viwili haikuwa ya bahari. Bahari angeiona hata kwenye picha. Alitaka siku tatu na mwanawe.

Jumanne jioni alipiga simu.

"Ile karatasi niliyoipiga picha umeipata?"

"Nimeiona, Mama."

"Basi?"

"Umemwandikia mtoto kilo."

"Begi lake hilo, si yeye."

"Nepi za kitambaa sita, gramu mia nne na themanini." Binti alisoma polepole, kama karani. "Mama, ana miaka miwili na zaidi. Havai tena nepi."

Mama Mizani aliutafuta mstari wa nepi kwa ncha ya kalamu.

"Tangu lini?"

"Ni miezi mitano sasa."

"Haya, nazitoa," alisema Mama Mizani. Kalamu ilikuwa imekwisha kuondoa mia nne na themanini kwenye jumla kabla hajauona mkono wake mwenyewe. Akaiweka chini. "Sikiliza, mwanangu. Achana na karatasi. Lete chochote. Lete hata ndoo nzima ya biskuti za makaratasi. Njoo tu."

Nyuma ya binti, mtoto aliimba kitu kisichoeleweka, kwa sauti ambayo bibi yake hakuijua.

"Nitaona, Mama."

Madereva wanaochelewa humwomba Mama Mizani awafungulie baada ya saa za kazi, naye huwajibu "nitaona." Anajua uzito wa neno hilo.

Ijumaa saa tatu asubuhi alikuwa stesheni, na tiketi mbili mkononi. Aliketi kwenye benchi linalotazama lango. Kila mwanamke aliyeingia na mtoto alimfanya anyanyuke nusu. Zilipobaki dakika tano, simu ilitetemeka: *Mama samahani, kazini wamenikatalia. Wewe nenda ukapumzike. Ukifika nijulishe.*

Alipoingiza mkono mfukoni kutafuta miwani ausome tena ujumbe, vidole viligusa chuma. Ile mizani ya ndoana. Aliipakia mwenyewe, ya kupimia siku ya kurudi. Palikuwa na pipa la taka hatua tatu kutoka kwenye benchi. Akalitazama. Akiitupa humo, Jumatatu itamfuata kazini juu ya lori la Breki. Akairudisha mfukoni, akapanda.

Treni ilikuwa imeanza kusogea aliposimama mbele yake mwanamke wa makamo, mizigo mikono yote miwili, anahema.

"Dada, hapa pana mtu?"

Mama Mizani alitupa jicho nje. Jukwaa lilikuwa limebaki na mfagiaji peke yake.

"Palikuwa na mtu. Kaa tu."

Yule mwanamke akajibwaga, akashukuru, akafungua pakiti ya biskuti. Karatasi aliifinyanga, akaidondosha chini ya kiti.

Mama Mizani aliiona. Gramu tatu, labda nne. Maneno yalimjia mpaka kwenye ncha ya ulimi, yakakaa hapo. Akayameza, akafungua chupa ya chai, akatoa vikombe viwili.