Ukuta wa Alhamisi

Katika ofisi moja ya ramani za majengo, Chake Chake, upo ukuta wa ukumbini uliopakwa rangi mpya nyeupe. Chini ya rangi matundu ya pini bado yanaonekana, mamia kwa mamia, kama uso wa mtu aliyepona ndui. Alhamisi, laasiri ikishaswaliwa, watu hupita hapo haraka wakiangalia simu zao. Hakuna anayebishana, hakuna anayecheka. Aliyeutoboa ukuta ule hayupo, na waliobaki wamerudia adabu yao ya zamani: kila mmoja na mchoro wake, umeviringishwa, umebanwa kwapani.

Aliyeutoboa ni Maha Thuwein, msanifu majengo, mwanamke wa miaka arubaini na mitano. Babu yake alikuwa na mashamba ya mikarafuu. Yeye hakurithi hata mti mmoja, ila ile shingo ngumu ya babu aliipata nzima.

Yote yalianza na choo. Hija, msanifu mwenzake, alichora kituo cha afya cha Vitongoji. Dakika za mwisho kiwanja kikahamishiwa upande wa pili wa barabara, basi Hija akaugeuza mchoro mzima ili mlango uelekee njia. Vyoo navyo vikageuka. Karatasi ikapita kwa wasanifu wanne, Waislamu wote, wenye kuswali swala zao tano, na wote wanne wakatia saini. Siku ya ufunguzi Bi Mwanamize, mkunga mstaafu wa pale, aliingia chooni akatoka pale pale.

"Ati nyie," alisema mbele ya wageni, "mmesoma mpaka mkaota mvi, na hapana hata mmoja ajuaye kibla kiko wapi, mpaka mtuchutamishe tukikielekea?"

Maha aliinamisha kichwa kama wenziwe. Lakini yeye alikuwa na lake la kuinamia. Alikuwa mmoja wa wale wanne, na choo kile alikiona tangu kwenye karatasi. Alijisemea: nikimwambia Hija nitamvunjia heshima, mwengine atamwambia.

"Hija, mie niliona," alimwambia wakirudi mjini.

"Uliona ukanyamaza?"

"Nikanyamaza."

Hija aligeuzia uso dirisha la gari. "Bora ungenitukana," alisema.

Alhamisi iliyofuata Maha alibandika mchoro wake mwenyewe ukumbini, akaweka birika la kahawa, akawaita wenzake. Masharti yalikuwa mawili. Mwenye mchoro afunge mdomo mpaka wengine wamalize. Na atakayesema "mashaallah, nzuri" bila kueleza nzuri kwa lipi, ndiye atakayeosha vikombe. Miezi ya mwanzo vikombe viliosheka kwelikweli. Kisha ndimi zikafunguka. Wasanifu wakaanza kuja kutoka Wete na Mkoani, wengine wakitoka wamenuna, na wiki ya pili wamo. Bi Mwanamize naye akaitwa, akapewa kiti cha mbele, maana Maha alisema atakayekaa ndani ya nyumba ana haki na karatasi yake.

Mwaka wa tatu alikuja Jabir, mkuu wa ofisi, na mchoro wake wa dahalia, bweni la wanafunzi wasichana wa Msuka. Aliubandika mwenyewe, akarudi nyuma hatua mbili, akingoja. Ulikuwa kioo tangu chini hadi juu, uso wote barabarani.

"Baba Jabir," alianza Bi Mwanamize, "hawa wanangu wakitaka kuvua mitandio wasukane nywele, watakaa wapi?"

"Vyumbani, bibi. Na kioo kitawaingizia mwanga."

"Na macho."

"Bibi, huu ni usanifu wa kisasa..."

"Mkuu, sharti," alisema Maha. "Mwenye mchoro hasemi."

"Na chupi zao?" Bi Mwanamize hakuwa amemaliza. "Wakaanike kwenye lami?"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Hija alilazimika kuweka kikombe chini. Maha hakucheka. Alichukua penseli, akachora mraba katikati ya dahalia. "Ua wa ndani, mkuu. Uwapo ua tu, mengine yatajipanga." Jabir aliubandua mchoro, akauviringisha, akatoka.

Jumatatu barua ya Jabir ikafika. Vikao visivyo rasmi visitishwe, na Bi Maha aombe radhi kwa maandishi kabla ya wiki kwisha, la sivyo kazi yake pale imekwisha.

"Dada, andika mistari miwili yaishe," Hija alimsihi. "Tutakutana kwangu, kimya kimya."

"Kimya kimya ndiko kulikotupeleka Vitongoji."

Alisema hivyo kwa ukali, lakini kuondoka hakukuwa rahisi. Miaka kumi na minane alikuwa mtu wa ofisi ile. Hakujua kazi nyengine wala meza nyengine. Kila asubuhi aliisoma barua upya, na kila asubuhi alikiona kile choo.

Alhamisi aliibandika barua ukutani kwa pini nne.

"Mchoro wa leo ni huu," alisema. "Mwenyewe hayupo, kwa hiyo hatatuingilia."

Hija ndiye aliyesogea wa kwanza. "Hauna mlango," alisema taratibu. "Mtu akishaingia humu hana pa kutokea."

"Madirisha yote yameangalia upande mmoja," akadakia mwengine.

Bi Mwanamize aliomba asomewe, akasikiliza mpaka saini. "Nzuri," akasema.

"Nzuri kwa lipi, bibi?" Maha akauliza. "Vikombe vinakungoja."

"Kwa kuwa mtu hakukatazi kusema upuuzi. Akikukataza, ujue umesema la maana."

Hapo ndipo walipomwona Jabir mlangoni. Hakuna aliyejua amesimama tangu lini.

"Karibu, mkuu, viti vipo," alisema Maha.

"Unaandika radhi au huandiki?"

"Siandiki."

Maha alizing'oa pini moja moja, akampa Jabir barua yake mkononi, akachukua mkoba, akatoka asirudi tena.

Dahalia ya Msuka imejengwa na kioo chake chote, na wasichana wamekifunika kwa khanga na mashuka mwanzo hadi mwisho. Maha yuko Wete. Amepanga chumba juu ya duka la vitambaa, na kila Jumamosi asubuhi wasanifu kumi na mmoja, Hija akiwamo, hubishana humo na dirisha liko wazi.